Usinichore Nikiondoka

Mwanangu Kabula,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo hata kwenye karatasi. Jua halijazama bado. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi hapa varandani, wewe na mama yako mko ndani mnabishana kama sufuria mbili zinatosha au zinazidi, na kila neno linanifikia kupitia dirishani. Mambo ya sufuria, chandarua, namna ya kuishi na mwenye nyumba na watu wa kutowaamini stendi, namwachia yeye. Ameyapanga tangu ulipopata kazi, na mimi nikiongeza langu atasema nimemharibia mpangilio.

Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jibu. Jumamosi tulipotoka kwa bibi yako Misungwi uliniambia kitu, nikakujibu, "Tutaona." Umekaa na hiyo "tutaona" mpaka leo na hujaniuliza tena. Kesho alfajiri unapanda basi, safari ya Mtwara, kuanza unesi wako. Sitaki uondoke na neno ambalo hata mimi nikiambiwa na fundi seremala huwa nalikasirikia.

Ulisema, "Baba, naomba usinichore nikiondoka."

Hukulia, hukununa. Ulikuwa unaangalia barabarani kama usafiri unakuja, ukalitoa kama mtu anayeomba kusogezewa chumvi. Ningefurahi kama ungenifokea. Ukifokewa unaweza na wewe kufoka, mambo yakaisha. Sauti ile ya adabu ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu nilijua umeifanyia mazoezi.

Na ulijua unachokiomba. Ulikuwa umeshaiona meza hii: Chausiku wa katuni yangu na begi lake, Chausiku anaaga majirani, Mzee Malimi anajifanya vumbi limemwingia jichoni. Michoro ya wiki nzima, yote bado kwa penseli. Mhariri wangu wa Dar hakuota kwamba unaondoka. Mimi ndiye niliyempigia simu kumringishia kwamba binti yangu amepata kazi serikalini, naye akasema, "Mzee, hiyo ni dhahabu. Chausiku anaondoka nyumbani, watu watalia." Nikakaa kuchora. Kabula, nilianza kuchora kabla sijakupa hongera ya maana.

Umekua ukiiona "Kwa Mzee Malimi" kila siku isipokuwa Jumapili, visanduku vinne ukurasa wa ndani, juu ya matangazo ya minada. Sijawahi kukueleza ilivyoanza. Watu wakiniuliza huwa nawapa hadithi ya kuchekesha. Wewe nikupe ilivyokuwa.

Nilikuwa mchora mabango Mabatini. Ng'ombe wa buchani, vichwa vya kinyozi, wanawake wa saluni wenye shingo ndefu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Siku moja nilichora bango la saluni, na pembeni, bila kuagizwa, nikamwongeza mwanamume amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, amesinzia akimsubiri mkewe asukwe. Mwenye saluni alikasirika, akasema nimemharibia biashara kwa kumwekea mlevi mlangoni. Lakini wapita njia walikuwa wanasimama wanacheka. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari, akaniambia nichore vitu kama vile kwenye karatasi avipeleke Dar. Gazeti likajibu kwamba linataka katuni ya familia. Familia niliyokuwa nayo ni moja.

Mwanzoni nilijichora mwenyewe. Malimi anayeingia uvunguni akiwasikia wakusanya michango ya harusi, Malimi anayesema "tutaona" kila akiombwa kitu, ndiye mimi. Lakini mtu mmoja hana vichekesho vingi kiasi hicho. Baada ya miezi michache nilikuwa nimekwisha, na gazeti linatoka kila siku.

Ulikuwa na umri wa miaka mitatu hivi, baba yako mdogo Shija akaja kututembelea, ukanyang'anywa kitanda ukawa unalala na sisi. Siku ya nne, mbele ya wageni wengine, ukamwuliza, "Baba mdogo, unaondoka lini?" Shija mwenyewe akawa wa kwanza kuangua kicheko. Nikachora. Hapo ndipo Chausiku alipozaliwa, na vishungi vyake viwili na mdomo wake usio na breki. Shija alikata gazeti akalibandika dukani kwake, akawa anawaonyesha wateja kwamba ndiye yeye. Nikaona kumbe watu wanapenda. Mchovya asali hachovyi mara moja, na asali yenyewe ilikuwa imejaa nyumbani, bure.

Sasa nikueleze la Misungwi. Najua umelisikia vipandevipande kwa wajomba zako, na kila mjomba ana kipande chake.

Unajua kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama mkwe humwangalii usoni. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini apite, mkisalimiana kila mtu anaangalia upande wake. Nilipooa nilishika hilo kama wanaume wote wa kwetu. Nikienda Misungwi nilikuwa nakaa nje ya ua, namwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye anaitikia kutoka ndani, basi. Kwa mtu wa kawaida hiyo si kazi ngumu. Kwa mtu ambaye macho yake ndiyo jembe lake, ni adhabu. Nilikuwa na mkwe mwenye sauti, mwenye kikohozi, mwenye harufu ya moshi wa kuni, lakini hana uso.

Ua ule ulikuwa wa miti na miiba, na miti huacha nafasi. Siku moja nikamwona. Alikuwa peke yake, amekaa chini ameegemea ghala, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Meno ya mbele yalikuwa yameshamtoka, kwa hiyo alikuwa anakisogeza kila kipande kwenye shavu la kulia, anafumba jicho moja, anakilainisha taratibu huku anajisemesha. Kovu kwenye nyusi. Kitenge kimefungwa begani kwa fundo kubwa kuliko linavyohitajika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mtu mwenye adabu anavyoweza kusimama.

Nikamchora. Nikamwita Bibi Malimi, nikajidanganya kwamba jina limemficha. Visanduku vitatu anatafuna kipande kimoja cha mchembe, cha nne Mzee Malimi anasema, "Mama, bado hicho cha jana?" Nchi ikacheka. Mhariri akasema huyo bibi arudi tena.

Gazeti lilifika Misungwi limefungiwa sukari. Mjomba wako mkubwa akalikunjua, akaona. Jirani akaona. Na swali lililoanza kuzunguka pale kijijini halikuwa kama katuni inachekesha. Watu waliuliza, mkwe amemwona lini? Kulijua lile kovu, kulijua lile fundo, ilibidi awe amemkazia macho. Aibu haikuwa yangu peke yangu, Kabula. Kwa macho ya watu mama mkwe aliyetazamwa na mkwewe naye ana doa, utadhani alijitokeza mwenyewe. Bibi yako akaacha kwenda kisimani, akaacha kanisa. Mama yako akafunga nguo zake akaenda kukaa naye, wewe akakuacha kwangu kwa ajili ya shule.

Wazee waliniita. Nilipigwa faini ya mbuzi na shuka, nikaona ni haki, nikapeleka. Tukakaa nje, bibi yako yuko ndani mlango umerudishwa. Mzee mmoja akauliza kama mama ana neno. Akasema kutoka ndani, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili linapungua uzito, "Muulizeni mkwe wangu, alinitazama mara ngapi?"

Nikajibu, "Mara moja."

Uongo. Nilirudi kwenye ule ua kila nilipokwenda. Nilimwangalia akipepeta, akifua, akimkanda kuku aliyevunjika mguu, na siku nyingine akiwa amekaa tu. Mama yako hajui hili mpaka leo na nitamwambia mwenyewe, usinisaidie. Ninachotaka ujue ni kwamba yule mama aliuliza swali ambalo wazee wote wale hawakulifikiria. Kutazamwa mara moja kwa bahati mbaya angesamehe. Alitaka kujua kama alikuwa peke yake siku zile alizodhani yuko peke yake. Nami nikamnyima jibu.

Ningekuwa mtu wa maana ningejifunza kitu pale. Nilichojifunza ni kwamba wakubwa wanatoza mbuzi. Watoto hawatozi.

Unakumbuka ile miezi tuliyobaki wawili? Tulikuwa tunapanga Mabatini bado, ukiwa darasa la nne. Ulikuwa unakula ugali wangu mbichi bila kulalamika, unaniambia, "Baba, leo umejitahidi," kama mwalimu. Kisha ukaanza kukojoa kitandani. Mara ya kwanza ulificha shuka chini ya beseni. Nilipoliona hukulia, ulisimama tu pale, mikono nyuma, unasubiri hukumu.

Nilikuwa baba mzuri siku ile, na sijisifu, nataka tu ujue kwamba niliweza. Sikukugombeza. Tulifua pamoja kabla majirani hawajaamka, tukalitoa godoro nyuma ya nyumba, tukalifunika na gunia ili lisionekane. Nikakwambia, "Hii ni yetu sisi wawili. Hata mama hatumwambii." Ukanipa mkono kama mtu mzima. Tukawa tunafanya hivyo, wewe unakamua upande mmoja wa shuka, mimi upande wa pili, tunalisokota kila mtu na mwelekeo wake, na ukaanza hata kucheka.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi mimi nilikuwa kata, nikatoka na siri nikaenda kuitangaza sokoni.

Ilikuwa siku ambayo sikuwa na kitu. Nimekaa mbele ya visanduku vinne vyeupe tangu mchana, mhariri amepiga simu, na kichwani kuna picha moja tu inayokataa kutoka, binti mdogo na baba mtu mzima wanakamua shuka kama watu wanaovutana kamba. Ilikuwa picha nzuri. Nilijiambia utani hauumi, nikajiambia hutaona, darasa la nne nani anasoma gazeti. Nikachora Chausiku na Mzee Malimi na godoro na gunia. Wasomaji walipiga simu mpaka gazeti likaniongezea nafasi.

Mama wa maandazi pale shuleni kwenu alikuwa anafungia magazeti ya jana. Sijui nani alilikunjua kwanza. Najua kwamba baba wa Chausiku ni nani lilikuwa jambo linalojulikana na kila mtu mtaani, na wewe mwenyewe ulikuwa unaringa nalo.

Ulirudi, ukaweka begi la shule pale linapokaa. Ukaniamkia. Ukakaa. Ukasema, "Baba, leo Chausiku kachekesha."

Basi. Hukusema kingine, wala mimi sikusema. Nilikuwa na midomo, Kabula, na mlango ulikuwa wazi, na ilihitajika maneno mawili tu. Nikainuka nikaenda kuchochea jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri. Siku nyingine zote nilizokukosea zinatokana na ile.

Mama yako alirudi baadaye, bibi yako alipoanza tena kwenda kanisani. Aliweka masharti mlangoni kabla hajashusha mzigo. "Nimerudi kwa ajili ya mtoto," akasema. "Wewe ukitaka kuzungumza na mimi, unaninyooshea mikono kwanza niione mitupu." Ndiyo maana umekua ukiniona namwonyesha viganja kabla sijakaa naye jikoni. Ulidhani ni mapenzi yetu ya ajabu. Siku hizi yamekuwa mapenzi kweli, lakini hayakuanza hivyo.

Wewe hukuweka sharti. Ulinyamaza. Nilikuwa nauliza, "Vipi shuleni?" unajibu, "Kawaida." Ulipopata malaria ile kali ilikuwa kawaida. Ulipofaulu kidato cha nne nilisikia kwa Mama Neema jirani, na kwamba umechagua unesi niliambiwa na mama yako huku anachambua mchele. Hapa Mkolani watu wakawa wananipongeza kwa kulea binti mpole, nami nikawa napokea pongezi. Hukuwa mpole. Ulikuwa umefunga duka kwa sababu mwizi anaishi ndani.

Na wakati huo huo Chausiku anaendelea kuropoka gazetini kila siku. Bado ana miaka tisa, bado ana vishungi, anauliza wageni wanaondoka lini. Kwa kuwa wewe hukunipa tena kitu, nikawa namtungia maneno ambayo nilitamani uniambie. Nilikuwa na mabinti wawili, na yule aliyekuwa anaongea na mimi alikuwa wa karatasi. Wasomaji walisema amepoa, hana ukali wa zamani. Walikuwa sahihi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nilijaribu kubuni kama wenzangu wanavyobuni, nikakuta mkono umezoea kuokota.

Nimechoka, mwanangu. Si mkono tu, ingawa nao siku hizi unatetemeka nikishika kalamu ya wino na mstari wa paa la Malimi unatoka kama mawimbi. Nimechoka kuwa mtu ambaye mkewe akilia anahesabu visanduku. Msiba wa Shija, kaka zangu wanashusha jeneza la mdogo wetu, mimi nilikuwa namwangalia shemeji yule aliyekuja na viatu vya rangi mbili. Nikajishika. Sikumchora. Lakini nilikuwa nimeshamwona, na kaburi la ndugu yangu likawa nyuma ya viatu.

Jumamosi pale Misungwi nilikaa nje ya ua kama kawaida yangu, nimegeuza kiti kinaangalia barabara. Uliingia kumuaga bibi yako. Macho yake sasa yamefifia, anakupapasa ndipo anakujua. Nikamsikia anakuuliza, "Huko mbali, nani atakayekuangalia?"

Ukasema, "Huko hakuna anayenijua, bibi."

Ukacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni, na yeye akacheka kwa sababu wewe umecheka. Kabula, sikuwa nimekisikia kicheko hicho miaka na miaka. Nilishasahau kwamba kinaishia na ka-mkoromo kadogo. Nilikaa pale na kiti changu nikaelewa kwamba binti yangu haendi Mtwara kwa sababu amepangiwa tu. Anakimbilia mahali ambapo hakuna mtu amemsoma. Na nilichofanya mimi, kitu cha kwanza kabisa kilichonijia, ni kufikiria ule mkoromo ungeandikwaje kwenye kisanduku. Dakika chache baadaye, barabarani, ukaniomba. Ndiyo maana nikasema tutaona. Nilikuwa nimeshaanza.

Sasa jibu.

Leo mchana nimempigia mhariri nikamwambia Chausiku haondoki. Akasema sawa, basi abaki, anafanya nini? Nikamwambia hafanyi kitu, hayupo.

"Mzee, hayupo yupo wapi?"

"Hayupo kwangu."

Ni kijana mzuri, hakunikaripia. Akanieleza kwa upole kwamba bila Chausiku hakuna Malimi, na kwamba majina yale ni mali ya gazeti tangu zamani, na pale ofisini kuna kijana anayechora kwa kompyuta ambaye anaweza kuendelea. Nikamwambia aendelee. Kwa hiyo sikudanganyi, nimeshadanganya vya kutosha. Huenda wiki hii utakuta gazeti huko, na ndani yake kuna Chausiku ana begi. Siwezi kuzuia hilo. Lakini yule kijana hajui unavyobeba begi lako. Hajui bibi yako, hajui mama yako anavyosema "mitupu." Atakuwa Chausiku wa mtu mwingine, asiye na kwao.

Ile michoro ya wiki nimeifuta kwa raba, mmoja baada ya mwingine, vumbi lake limejaa mezani na mama yako atanigombeza. Mmoja ulinishinda kwa muda. Ulikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na silisemi hilo kwa kuringa, linaniuma. Nilitaka nikueleze hapa ulivyokuwa. Nikaandika mistari miwili, nikaona nakuchora tena kwa maneno, nikaikata. Hiyo ndiyo sababu ya pale juu palipochafuka kwa wino.

Kuhusu kesho kutwa na kuendelea, usinihurumie. Duka la dawa hapa karibu linataka bango. Nitachora chupa na vidonge. Chupa haina bibi.

Sina cha kukufundisha kuhusu kazi yako. Wodini watu watalala mbele yako wakiwa hawana nguo wala cheo, utawajua kuliko wake zao wanavyowajua, na baadhi yao watakuwa wanachekesha kweli, sikatai. Wewe unajua inavyokuwa kwa upande wa pili. Nadhani ndiyo sababu utakuwa nesi mzuri, na sipendi kwamba hiyo ndiyo sababu.

Yale maneno mawili niliyoyakosa siku ya jiko, nayaandika sasa: nisamehe, Kabula. Si kwa kesho. Mtwara ni mbali, una muda wa kulifikiria, na hata ukimaliza safari hujaamua, bado utakuwa mwanangu na mimi nitakuwa nasubiri. Na ukipiga simu tukauliza habari, ukajibu "kawaida," nitaipokea. Kawaida yako ni yako.

Kitu kimoja cha mwisho, kwa sababu najijua. Kesho pale stendi ya Nyegezi, wakati mama yako anabishana na makondakta kuhusu mizigo, mimi nitakuwa nimesimama pembeni na nitakuangalia. Sitaweza kujizuia, na nitaangalia sana, mpaka basi litoke. Najua umezoea nikikukazia macho hivyo unageuka au unavuta mtandio. Kesho usigeuke. Sina penseli mfukoni, na kichwani sihesabu kitu. Ni mzee anamwangalia binti yake. Sichukui.

Baba yako,
Mkolani